Albamu ya siku 3: Randy Weston, Melba Liston na deni letu kwa wanamuziki wazee

Mwaka huu wa 2026 unatimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa wanamuziki wawili wa Marekani ambao wengi wetu hatukuwahi kuwasikia redioni, ingawa mmoja wao alitumia Kiswahili kwenye santuri yake hata kabla Tanganyika haijapata uhuru. Wa kwanza ni Melba Liston, mpiga tromboni na mpangaji wa muziki, aliyezaliwa Januari 1926. Wa pili ni Randy Weston, mpiga piano, aliyezaliwa Aprili 6, mwaka huohuo.

Katika makala haya tunaitazama albamu moja waliyoifanya pamoja wakiwa wazee. Inaitwa The Spirits of Our Ancestors, yaani "Roho za Mababu Zetu". Ilirekodiwa studio mjini New York kwa siku 3 mwezi Mei 1991, ikatoka mwaka uliofuata. Tumeichagua kwa sababu inagusa maswali yanayotuhusu hapa nyumbani: nani hukumbukwa wimbo unapopigwa, nani hulipwa, na tufanye nini na wanamuziki wetu wazee wakati bado wako hai.

Kwanza, jazi ipi hii?

Ukimwambia mzee wa Morogoro au Tabora neno "jazi", atakutajia Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz au Nuta Jazz. Zile zilikuwa bendi za dansi: magitaa, ngoma, matarumbeta, na waimbaji waliotoa nasaha kwa Kiswahili. Vijana wa wakati ule waliliazima neno jazi kwa sababu lilikuwa na sifa ya usasa, lakini muziki wenyewe ulichota zaidi kutoka rumba ya Kongo na Cuba.

Jazi ya Marekani ni ndugu wa mbali. Ilizaliwa na watu weusi wa huko, vizazi vya waliouzwa utumwani. Kinachoitambulisha ni kubuni papo hapo. Bendi hukubaliana juu ya wimbo, kisha kila mpigaji hupewa zamu ya kusema lake kwa chombo chake huku wenzake wakimshikia mapigo. Waliowahi kusikia malumbano ya washairi wataelewa: kanuni iko palepale, ila maneno huja mdomoni wakati uleule.

Randy Weston ni nani?

Alizaliwa na kukulia Brooklyn, New York, katika mtaa wa Bedford-Stuyvesant. Baba yake, Frank, alizaliwa Panama katika familia yenye asili ya Jamaika, na alikuwa na mgahawa. Mzee huyo alimwambia mwanawe tangu utotoni kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Nyumbani kulikuwa na vitabu na ramani za falme za kale za Afrika, wakati ambapo shuleni na kwenye sinema Afrika ilionyeshwa kama pori tupu.

Weston alikuwa na kimo cha takriban mita 2 na viganja vipana vilivyofunika funguo nyingi za piano kwa mara moja. Alipiga upande wa kushoto, wenye sauti nzito, kama mtu anayepiga ngoma. Kila aliyemsikia alikumbuka kishindo kile.

Mnamo Novemba 1960 aliingia studio na wanamuziki zaidi ya 20 kurekodi santuri iliyoitwa Uhuru Afrika. Huo ndio mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijitawala. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike ndani yake, na alipoulizia kwa Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa ni lugha gani ingefaa kuwakilisha bara zima, jibu alilolipata lilikuwa Kiswahili. Aliyesoma maneno ya Kiswahili kwenye santuri hiyo ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge nchini Tanzania. Maneno ya Kiingereza yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Sehemu ya kwanza ya santuri iliitwa Uhuru Kwanza, na ya mwisho Kucheza Blues.

Tanganyika ilipandisha bendera yake Desemba 1961. Maana yake ni kwamba neno "uhuru" lilirekodiwa kwa santuri ya jazi ya Marekani zaidi ya mwaka mzima kabla ya Dar es Salaam kusherehekea. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliona hatari iliyomo, na mwaka 1964 ikaipiga marufuku santuri hiyo.

Hapa tuseme ukweli wote. Wengi wa Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani walitoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, si pwani yetu, na babu zao hawakuzungumza Kiswahili. Kukichagua Kiswahili kulikuwa uamuzi wa kisiasa, wa kutafuta lugha isiyo ya kabila moja wala ya mkoloni. Hoja hiyohiyo ndiyo iliyotumika Februari 2022, Umoja wa Afrika ulipokipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Wanamuziki waliifikia zaidi ya miaka 60 kabla ya marais.

Na Melba Liston?

Huyu ndiye ambaye jina lake husahaulika, na ndiye tunayetaka umkumbuke.

Tromboni ni tarumbeta refu lenye bomba la kuvuta na kusukuma. Katika miaka ya 1940, mwanamke aliyelibeba chombo hicho kwenye bendi ya wanaume alikuwa kioja. Liston alilibeba. Aliingia bendi kubwa akiwa bado msichana, na mwaka 1956 alisafiri na bendi ya mpiga tarumbeta mashuhuri Dizzy Gillespie katika ziara za kimataifa zilizodhaminiwa na serikali ya Marekani.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya kalamu. Liston alikuwa mpangaji wa muziki. Tueleze maana yake, kwa sababu ni kazi isiyoonekana jukwaani. Mtunzi huja na wimbo, pengine sauti moja tu anayoivumisha au kuipiga kwa piano. Mpangaji huuchukua wimbo huo na kuamua: hapa tarumbeta waanze, hapa saksafoni wajibu, hapa wote wanyamaze besi ibaki peke yake, hapa tromboni ziingie chini kama mgurumo. Kisha humwandikia kila mpigaji karatasi yake. Mtunzi ni kama mwenye kiwanja, na mpangaji ndiye fundi anayechora ramani na kusimamisha nyumba. Wageni wakija husifia nyumba ya mwenye kiwanja.

Kuanzia mwaka 1958 Liston aliifanya kazi hiyo kwa Weston. Ndiye aliyepanga muziki wote wa Uhuru Afrika. Katika miaka ya 1970 alikwenda Jamaika kufundisha. Mwaka 1985 alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukapooza. Tromboni ikawekwa chini moja kwa moja.

Hakuacha muziki. Alijifunza kuandika mipangilio kwa kutumia kompyuta, noti moja baada ya nyingine, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kwa njia hiyo aliandaa muziki wa albamu tunayoizungumzia.

Nini kilitokea Mei 1991?

Weston alikuwa na miaka 65. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka kadhaa Morocco, ambako aliendesha klabu ya muziki mjini Tangier na kujifunza kwa Wagnawa, jamii inayotokana na Waafrika waliovushwa jangwa la Sahara utumwani. Wagnawa hupiga muziki wa uponyaji wa usiku kucha kwa gambri, chombo chenye nyuzi 3 na sauti ya besi, pamoja na vyuma vya kugonganisha mikononi. Weston alirudi kwao mara nyingi na kuwaita walimu wake.

Studio ya New York ilikusanya kizazi kizima. Dizzy Gillespie alikuja, akiwa na miaka 73. Kwenye tarumbeta alikuwepo pia Idrees Sulieman. Kwenye tromboni, Benny Powell. Saksafoni zilikuwa za Pharoah Sanders, Dewey Redman, Billy Harper na Talib Kibwe. Besi zilikuwa 2, za Alex Blake na Jamil Nasser. Idris Muhammad, mzaliwa wa New Orleans, alikaa kwenye dramu, huku Big Black akipiga ngoma za mkono. Yassir Chadly, kutoka Morocco, alileta sauti ya Kignawa.

Kwa mpenzi wa mpira, hicho ni kikosi cha nyota watupu. Na kama mpenzi wa mpira anavyojua, kikosi cha nyota watupu hufungwa mara nyingi. Sokoni zimejaa albamu za majina makubwa ambazo kila mtu alikuja, akapiga chake, akachukua bahasha yake na kwenda. Kwa nini hii haikuwa hivyo?

Tunaona sababu 3.

Sababu ya kwanza ni undugu wa muda mrefu. Watu hawa hawakukutanishwa na kampuni siku hiyo. Gillespie ndiye aliyekuwa amempa Liston kazi miaka 35 nyuma, wakati viongozi wengi wa bendi hawakutaka mwanamke. Sasa mzee huyo alisimama mbele ya karatasi iliyoandikwa na mwanamke yuleyule, safari hii kwa mkono mmoja unaofanya kazi. Weston naye alikuwa ameshafanya kazi na Liston kwa zaidi ya miaka 30.

Sababu ya pili ni nyimbo zenyewe. Weston hakuandika vipya ili aonekane wa kisasa. Alirudia tungo zake alizokwisha kuzipiga kwa miaka mingi, nyingine kwa zaidi ya miaka 20. African Cookbook ni mfano. Mwingine ni Blue Moses, wimbo aliouchota kwa Wagnawa. Aliwahi kuurekodi mwaka 1972 kwa kampuni iliyomtaka apige piano ya umeme, kisha ikaongeza juu yake vyombo ambavyo yeye hakuvitaka. Santuri hiyo iliuzwa kuliko nyingine zake zote, na bado mwenyewe hakuridhika nayo. Mwaka 1991 aliurudia kwa piano ya kawaida, besi nzito na saksafoni zinazolia, kama alivyouona moyoni tangu mwanzo. Ni wasanii wachache wanaopata nafasi ya pili ya namna hiyo.

Sababu ya tatu ni mpangilio wa Liston. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba hakuwabana wazee hawa. Aliandika machache: vyombo vya kupuliza vinaingia kwa pamoja, vinasema neno zito, vinatoka, vinamwachia mpigaji mmoja uwanja mpana. Wimbo mmoja unaweza kuchukua zaidi ya dakika 10 bila kuchosha, kwa sababu kila mara kunapokaribia kupoa, karatasi ya Liston inaleta sauti mpya.

Saa ilikuwa inakimbia

Gillespie alifariki Januari 6, 1993, miezi isiyozidi 20 baada ya kurekodi. Liston alifariki mwaka 1999. Sulieman, Redman, Powell, Nasser na Idris Muhammad wote walifuata. Weston mwenyewe aliondoka Septemba 1, 2018, akiwa na miaka 92, na Pharoah Sanders Septemba 2022.

Kama kikao kile kingeahirishwa kwa miaka 2 tu, kusingekuwa na tarumbeta la Gillespie ndani yake. Hiyo ndiyo hesabu tunayoitaka msikilizaji aifanye, si kwa New York, bali kwa mji wako.

Nani alilipwa, na nani anaendelea kulipwa?

Hapa pana jambo ambalo mashabiki wengi hawalijui. Nchini Marekani, redio ya kawaida inapopiga wimbo, sheria inamtaka alipe mtunzi. Hailazimiki kumlipa aliyepiga saksafoni wala aliyeimba. Mpigaji wa studio kwa kawaida hulipwa ujira wa siku ile, basi. Mpangaji wa muziki naye kwa kawaida hulipwa mara moja kwa karatasi alizoandika. Wimbo ukipigwa kwa miaka 50, mirabaha huenda kwa aliyeandikwa kuwa mtunzi.

Ndiyo maana suala la jina kwenye jalada si la sifa tu. Kwa Melba Liston, ambaye tromboni ilimtoka mikononi kwa ugonjwa, kalamu ndiyo iliyokuwa chakula. Weston alisema wazi maisha yake yote kwamba muziki wake hauwezi kutenganishwa na mkono wa Liston. Lakini sifa za mdomo ni kitu kimoja, na mfumo wa malipo ni kingine.

Kwetu, sheria kwa maandishi ni pana zaidi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. Neno "hakishiriki" ndilo la kukumbuka: maana yake ni haki za watu walioushiriki wimbo bila kuutunga, yaani mwimbaji, mpigaji na aliyegharamia kurekodi. Tatizo letu huanza mapema zaidi, kwenye kumbukumbu. Huwezi kumlipa mtu usiyemjua.

Fikiria wimbo wowote wa dansi wa zamani unaoupenda. Jina la bendi unalijua, na pengine mwimbaji pia. Je, nani alipiga besi? Nani alipuliza saksafoni ile ya katikati inayokufanya uache jembe na kusikiliza? Bendi nyingi za Tanzania za miaka ya 1960 hadi 1980 zilirekodi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Nyimbo zimebaki na zinapendwa hadi leo. Majina ya waliokaa nyuma ya mwimbaji ndiyo yanayopotea, na kila msiba unaondoka na majina mengine.

Lipo pingamizi, na tusilikwepe

Wapo watakaosema: Wamarekani wana fedha. Kampuni kubwa iligharamia studio, wapigaji na wahandisi wa sauti. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Harvard kilichukua hazina ya kumbukumbu za Weston: karatasi za muziki, picha, barua na kanda. Sisi tuna nini?

Pingamizi hilo lina ukweli. Studio nzuri ni gharama, na mzee aliyeuza gitaa lake ili alipe matibabu hawezi kurekodi kwa kuambiwa tu kwamba yeye ni hazina ya taifa. Hilo ni jukumu la serikali, vituo vya redio, nasi tukiwemo, na wafanyabiashara wanaojipatia fedha kwa nyimbo za zamani.

Lakini kuandika jina hakuhitaji studio. Simu uliyonayo mkononi, hata ile ya bei ya chini, hurekodi sauti. Kama mtaani kwenu yupo mzee aliyewahi kupiga kwenye bendi, mtembelee. Mwamkie, kaa naye, omba ruhusa ya kurekodi, kisha mchezeshee wimbo aliopiga. Muulize: nani alikuwa kwenye gitaa la pili? Wimbo huu ulitoka wapi? Mlilipwaje? Andika majina kwenye daftari pia, kwa sababu simu hupotea. Mpe yeye na familia yake nakala, na usiyaweke mazungumzo yake mtandaoni bila kibali chake. Siku mirabaha itakapogawanywa, au mjane wake atakapoulizwa ushahidi, daftari hilo linaweza kuwa na thamani kuliko unavyodhani.

Ukitaka kuisikiliza

Itafute kwa jina la msanii na la albamu, Randy Weston, The Spirits of Our Ancestors. Ni ndefu, ilitoka kwenye diski 2, kwa hiyo kama bando ni dogo chagua wimbo mmoja. Tunashauri uanze na African Sunrise, ambao Gillespie ndiye mgeni rasmi. Tumia spika za masikioni au iunganishe simu na redio, kwa maana spika ndogo ya simu haitoi besi, na bila besi humsikii Weston.

Mara ya kwanza usitafute maneno. Fuata mkono wa kushoto wa piano, ule mzito, kisha ngoma. Mara ya pili sikiliza vyombo vya kupuliza vinapoingia kwa pamoja na kutoka. Hapo ndipo alipo Melba Liston. Hakuna noti hata moja aliyoipiga kwenye albamu ile, lakini ukishaijua kazi yake huwezi tena kuacha kumsikia.

Kisha fungua wimbo wa bendi ya kwenu, usikilize kwa namna hiyohiyo, na ujiulize yule wa nyuma ni nani. Kama yuko hai, unajua pa kwenda jioni hii.